Malengo ya timu sio herufi tano jamani

Mhariri, kamwene.

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, kama ni ndefu kata unapotaka ila habari ya kadibodi usiiguse.

Kuna msomaji mwenzetu aliandika humu kwamba vijana wa huku kwetu, Iringa, Njombe, Mbeya, wanaanguka kwenye usaili sababu Kiingereza kinawapiga chenga. Nakubali nusu. Hiyo nusu nyingine nimeiona kwa macho yangu wiki tatu zilizopita Mafinga, nilikuwa nimeitwa kukaa kwenye paneli ya kutafuta wasimamizi wawili wa timu, wale wa kuzunguka vijijini kukusanya mazao. Walikuja watu 11. Maswali yaliruhusiwa kujibiwa kwa Kiswahili kabisa, kwahiyo Kiingereza hapo hakina kesi. Tukafika swali la nne, unawekaje malengo ya timu yako, na hapo ndo nilichoka, maana watu 9 kati ya 11 walijibu kama wametoka mazoezi ya kwaya moja: lengo liwe mahsusi, lipimike, lifikike, liwe na uhalisia, liwe na muda. SMART, zile herufi tano za mwanzo za maneno ya Kiingereza. Halafu kimya. Ukimuuliza haya nipe mfano wa lengo ulilowahi kuweka wewe, anaangalia dari.

Sasa hiyo SMART siidharau. Aliileta Mmarekani mmoja, George Doran, mwaka 1981, kwenye makala fupi tu ya jarida la mameneja. Ila watu wengi hawajui kwamba kwa Doran ile herufi A haikuwa "lifikike", hiyo imekuja baadaye baadaye huko. Yeye alimaanisha lengo liwe na mtu aliyekabidhiwa, yaani nani atafanya. Na hicho ndo kitu ambacho hakuna hata mmoja kati ya wale 9 aliyekigusa. Wote walikuwa na lengo, hakuna aliyekuwa na mtu.

Nisijifanye mjanja, nami yalinikuta. Mwaka 2009 nilipanda basi usiku usiku kwenda Mbeya kwenye intavyuu, bahasha ya kaki kwapani, wakati huo nshakuwa mnyapara kwenye chai Mufindi miaka kadhaa nasimamia wachumaji 30 na kitu. Wakaniuliza swali hilohilo. Nikajibu kwa kujiamini kabisa kwamba nitawahimiza wafanyakazi wangu wafanye kazi kwa bidii ili tufikie malengo ya kampuni. Mzee mmoja pale akavua miwani akaniuliza, bidii unaipima na mizani gani mama? Nikakaa kimya. Mimi, mtu ambaye kila siku ya Mungu nashinda kwenye mizani! Nililia kwenye basi mpaka Igawa.

Maana jibu nilikuwa nalo, tena zuri, sema sikujua kama lile ni jibu. Ngoja nilitoe leo, miaka yote hii imepita.

Kwenye chai mchumaji analipwa kwa kilo. Tageti ya bosi nayo ni kilo, kila siku tunaambiwa kilo, kilo. Ukimpa mtu lengo la kilo peke yake anakuletea kilo kweli, ila ukifungua mfuko unakuta majani magumu, vijiti, jani la nne la tano huko, na mengine yameshindiliwa kwa goti mpaka yamepata joto na kuanza kuwa mekundu. Chai nzuri inatakiwa majani mawili na chipukizi, na ifike kiwandani siku hiyohiyo haijaungua. Basi trekta letu likawa linarudishwa na lawama, kiwanda kinakata uzito, wachumaji wananuna, na mimi kelele tu. Siku moja nikawakalisha chini saa nne wakati wa uji, nikawaambia leo hatuongelei kilo, mnataka tufanye nini tusikatwe? Mama mmoja mtu mzima akasema tusisubiri mizani ya mwisho, kila mtu akimwaga mfuko wake kwenye turubai mwenzake auchambue kiganja kimoja, akikuta vijiti vingi mwenye mfuko arudi kuuchambua upya. Tukakubaliana. Lengo likawa wiki nne trekta lisikatwe uzito hata mara moja, na kila mstari una jina la mtu wa kuchambua. Wiki ya kwanza tulikatwa mara mbili. Ya pili mara moja. Ya nne tulikatwa tena, sababu mvua ilinyesha na trekta likakwama, kwahiyo lengo kwa herufi hatukulifikia, ila sijawahi kuona wachumaji wanaulizana wenyewe "hili nani kachambua" kama kipindi kile.

Hapo kuna kila kitu paneli inachotafuta. Kuna tatizo, kuna waliokaa wakakubaliana, kuna namba, kuna siku, kuna majina, na kuna kufeli kidogo ukaelezea kwanini. Na hiyo ya kufeli msiifiche jamani, mtu anayesema malengo yote aliyafikia mia kwa mia mimi namuona kama alikuwa anajiwekea malengo ya kuamka asubuhi. Jambo jingine ambalo angesema mtu wa Mufindi ningempa alama bila kumaliza kumsikiliza: tageti ya mwaka haigawanywi kwa 12. Juni na Julai huku baridi inauma, kuna siku umande umeganda kwenye majani, chai haikui, sasa wewe ukimwambia mchumaji mwezi wa saba alete sawa na mwezi wa tatu unamfundisha kushindilia vijiti. Anayejua hivyo anajua kuweka malengo, hata kama hajawahi kusikia jina la Doran.

(Na watumishi wa serikali wasicheke, nao tunawajua. Toka 2004 walikuwa na OPRAS, zile fomu za kupima utendaji wa mtumishi kwa malengo ya mwaka, sasa hivi ni PEPMIS, upimaji huohuo kwenye kompyuta, na bado wapo wanaoandika lengo mwezi wa saba wakalikumbuka mwezi wa sita wakati wa kupimwa.)

Turudi Mafinga. Kati ya wale wawili ambao hawakuimba SMART, mmoja alikuwa kijana aliyesema timu ni kama familia, huyo tumwache. Mwingine binti, katokea upande wa Makambako, hajawahi kuajiriwa popote, na alianza kwa kuomba radhi kwamba yeye hana uzoefu. Kidogo nimkatize. Halafu akasema ila tuna kikundi cha watu sita cha miche ya parachichi. Walitaka miche 2,000 iwe imebebeshwa, yaani imeungwa kikonyo cha mparachichi mzuri, na iko tayari mvua zikianza mwezi wa 11, wakarudi nyuma wakahesabu, lini mbegu iingie kwenye viriba, lini mche uwe unene wa penseli wa kubebesha, wapi pa kupata vikonyo. Wakagawana kazi. Miche ikaanza kufa, na walipochunguza wakakuta inakufa Jumatatu. Kwa nini Jumatatu? Sababu Jumapili wote wako kanisani na kila mtu anajua mwenzake kamwagilia. Akachukua kadibodi la boksi la sabuni, akaandika siku saba na majina, akalitundika kwenye mlango wa kitalu, Jumapili akaandika jina lake mwenyewe kwanza. Wakafika mwezi wa 11 na miche kama 1,700. Akasema, tulipungukiwa, ila mwaka unaofuata tuliotesha 2,300 ili hata ikifa ifike 2,000.

Mhariri, mimi nilitaka kusimama. Hiyo A ya mwaka 1981 ilikuwa imekaa kwenye kadibodi la sabuni Makambako.

Mwenzangu wa pembeni alimpa 4 kwa 10. Nilichungulia karatasi yake, alikuwa na orodha ya maneno ya kuweka tiki, na binti hakutaja hata moja. Tulibishana mpaka chai ikapoa, akaniambia dada tukianza kusikiliza hadithi hatumalizi leo. Alama zikajumlishwa, binti akakosa kwa alama moja na nusu. Mmoja wa waliochukuliwa ni bingwa wa herufi tano, namtakia mema, labda mbele ya paneli alikuwa na woga tu.

Kwahiyo vijana, mnaponiuliza mjibuje (na wananiuliza, mpaka mpwa wangu wa Uyole anapiga simu usiku), mimi nasema acheni kutafuta majibu kwenye Google. Kaa jioni na daftari, kumbuka ni lini uliwahi kufanya kitu na watu wakakutegemea, kikoba, kwaya, kijiwe cha bodaboda, shamba la viazi mlilokodi wanne, timu ya mpira ya mtaa ilivyochanga jezi. Andika mlitaka nini, kiasi gani, mpaka lini, nani alipewa nini, wapi palivuja. Isome kwa sauti, isizidi dakika tatu. Ukitaka kumalizia na SMART malizia, ila isiwe ndo mlo wenyewe.

Na wenzangu wa paneli, hili ndo lililonifanya nichukue kalamu. Tumetoa swali mtandaoni, tumetoa na jibu hukohuko, halafu tunalalamika vijana wanakariri. Ongezeni swali moja dogo tu baada ya lile la malengo: Jumapili jina la nani lilikuwa kwenye kadibodi? Halafu wekeni hiyo orodha ya tiki chini mumsikilize.

Wako,
Mnyapara mstaafu,
Mafinga, Iringa