Mafumbo ya herufi yatungwe kwa kufuata Kiswahili

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie mafumbo ya herufi, yaani yale ambayo neno au sentensi hufichwa kwa kubadilisha kila herufi kuwa nyingine, na ambayo vijana wetu wa Mtwara na Lindi huyaweka katika mashindano ya kirafiki ya chemsha bongo. Mchezo wenyewe ni mzuri, ila baadhi ya watungaji huchukua kanuni za mafumbo ya Kiingereza bila kuzipima, na matokeo yake ni ubishi baina ya vikundi.

Ubishi wa kwanza huanzia kwenye alfabeti. Chukua njia kongwe inayohusishwa na Julius Caesar, ya kusogeza kila herufi hatua tatu mbele. Tuseme jawabu ni Tendaguru, mahali katika Mkoa wa Lindi ambako mifupa ya dinosaria ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin. Mtungaji anayehesabu herufi 26 za Kiingereza ataandika WHQGDJXUX, ilhali anayehesabu herufi 24, bila Q wala X, ataandika WHRGDJYUY. Fumbo hili la pili likiangukia kikundi kinachohesabu herufi 26, kitarudi nyuma hatua tatu kwa uaminifu kabisa na kupata TEODAGVRV, kisha kinyang'anywe pointi. Alfabeti itangazwe kabla swali halijasomwa.

Shida kubwa zaidi iko kwenye mafumbo ambayo herufi zimebadilishwa bila mpangilio wowote. Tangu karne ya 9, mwanazuoni Al-Kindi wa Baghdad alikwisha kueleza namna ya kuyafumbua: hesabu kila alama imetokea mara ngapi, kisha ulinganishe na mazoea ya lugha husika. Lugha husika, nasisitiza, kwa sababu mshiriki aliyefundishwa kwamba alama iliyozidi zote ni E atapotea mapema, maana katika Kiswahili inayotamba ni A. Aanzie kwenye miisho ya maneno, ambako karibu kila neno letu huishia na irabu, hivyo alama zinazojirudia mwishoni ni chache na zinajitaja zenyewe. Kisha atazame maneno ya herufi mbili, kama na, ya, wa, za na la, ambayo yakiwa mengi huifichua A mara moja. Alama mbili zinazofanana zikifuatana, kama katika saa au choo, aghalabu ni irabu pia. (Majina ya kwetu nayo hayana siri: Mtwara, Newala, Tandahimba, Kilwa, Ruangwa na Nachingwea yote yanaishia na A.)

Kwa hiyo mtungaji anayetaka kumpa mwenzake kazi ya haki asitoe neno moja fupi lililobadilishwa ovyo, kwani neno la alama nne zisizofanana linaweza kuwa meza, kisu au jiko, na hakuna hoja ya kumkatalia anayetaja mojawapo. Atoe sentensi nzima, ikiwezekana methali, na akitaka kuikaza aondoe nafasi kati ya maneno ili miisho isionekane. Simu nazo ziwekwe kando, kwa kuwa kusogeza alfabeti ya herufi 26 kuna njia 25 tu, na programu huzimaliza kwa kufumba na kufumbua.

Watoto wa pwani waliozoea kusema kinyume, wakitanguliza silabi ya mwisho hata korosho ikawa shokoro, wana msingi wa mchezo huu tayari. Naliomba gazeti lako litenge pembe ndogo kila wiki kwa fumbo moja la sentensi ya Kiswahili, likitaja idadi ya herufi za alfabeti iliyotumika, na jawabu litolewe katika toleo linalofuata pamoja na maelezo ya hatua zilizofuatwa kulipata.

Wako msomaji,
Mikindani, Mtwara