Kitara cha babu: cha Mjerumani au cha nani?

Ndugu Mhariri, pole na kazi.

Nyumbani kwetu Lindi kuna kitara alichoacha babu yake baba, na sasa kinatugombanisha. Baba mkubwa anashikilia kwamba mzee alikuwa askari wa Mjerumani, chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza. Shangazi anasema hapana, alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), na kitara alikiokota Mahiwa, huku huku Lindi, baada ya mapigano ya Oktoba 1917.

Nimekitazama juani kwa kioo cha kukuzia. Karibu na mpini, chini ya kutu, zimegongwa alama mbili ndogo: kichwa cha mfalme mwenye taji, na ubavuni mwake kofia ya chuma ya wapiganaji wa kale. Ni alama ya Weyersberg, Kirschbaum & Cie, wafua panga wa Solingen, kampuni iliyoanza 1883. Baba mkubwa aliposikia Solingen iko Ujerumani akaona kesi imekwisha. Mimi sijaridhika. Solingen waliuza panga nchi nyingi, kwa hiyo alama ya mfuaji haimtaji mvaaji. Silaha za serikali ya Prussia, dola kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani ya wakati huo, ziligongwa mgongoni herufi W yenye taji na tarakimu mbili za mwaka, chetu hakina. Lakini maofisa walijinunulia vitara vyao wenyewe, basi hilo nalo halimtoi Mjerumani. Herufi za mfalme wa Uingereza pia sizioni kwenye kikingio cha mkono.

Tena askari wa kawaida alibeba bunduki na singe. Kitara kwa kawaida kilikuwa cha ofisa, upande wowote ule. Na kwa kuwa mwaka huohuo wa 1917 Waingereza waliunda kikosi cha KAR kwa askari waliokuwa wa Mjerumani, huenda baba mkubwa na shangazi wote wanasema kweli.

Sasa amejitokeza mnunuzi wa vitu vya kale, na binamu zangu wameshanunua msasa wakisugue king'ae kabla hajarudi. Nimekifungia chumbani kwangu, nao wamenuna.

Wajuzi, nisaidieni. Alama nyingine nizitafute wapi, kwenye ala au ndani ya mpini? Mpini unafunguka bila kuharibika? Nikipeleke Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, au picha zinatosha kwa kuanzia? Na huku kwetu pwani, kutu hii niizuie kwa mafuta gani bila kufuta alama zilizobaki?

Msomaji, Lindi