Sauti ya kwenye spika ina mwenyewe

Mhariri,

Wanaosema sauti ya kompyuta haina mwenyewe wanajidanganya. Kazi yangu ni kuingiza sauti kwenye matangazo madogo madogo. Wenye maduka ya Kariakoo huniita niwarekodie maneno ya kuweka kwenye spika, na wapita njia wa Mtaa wa Kongo hunisikia nikinadi viatu bila kunijua. Siku hizi kazi zimepungua. Mwenye duka anaandika bei kwenye simu, simu inasoma yenyewe, basi.

Sina ugomvi na mtu anayebana matumizi. Ninachouliza ni koo la nani lile. Nilisimama mbele ya spika moja nikasikiliza: "ghali" na "dhahabu" zinatoka sawasawa, gh na dh za mtu wa pwani au aliyepita madrasa, kisha "elfu kumi na tano" inatoka bapa, kama mtoto anayesomeshwa ubaoni. Kuna binadamu alikaa na maikrofoni akasoma sentensi baada ya sentensi.

Nje yamekwisha kuwakuta wenzetu. Susan Bennett wa Marekani alirekodi sentensi Julai 2005 bila kujua zinaenda wapi. Ilipotoka Siri, ile sauti inayojibu watu kwenye simu za iPhone, mwaka 2011, mwenzake wa kazi ndiye aliyemshtua kwamba ni yeye. Bev Standing wa Kanada alidhani amerekodi kwa ajili ya tafsiri, akajisikia TikTok akisoma maneno ya watu asiowajua. Mwaka 2021 alifungua kesi, wakamalizana. Hata sauti ya Stephen Hawking, mwanasayansi Mwingereza aliyeongea kwa mtambo wenye lafudhi ya Kimarekani, ilitokana na sauti ya Dennis Klatt, mtafiti wa chuo cha MIT huko Marekani. Lakini Klatt alikuwa anatengeneza mtambo wake mwenyewe. Alijua.

Zamani rekodi zilikatwa vipande vidogo vidogo na kuungwa upya. Sasa programu inajifunza unavyotamka, halafu inakusemesha usiyowahi kuyasema. Sisi tunaolipwa keshi bila karatasi tujihadhari: leo umerekodi tangazo la mabati, kesho koo lako linasifia dawa ya nguvu za kiume.

Microsoft wameziita sauti zao za Kiswahili cha Tanzania Rehema na Daudi. Majina mazuri, ila hayaniambii nani alisoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022 na Tume yake ipo. Naiomba itueleze, kwa lugha ya mtaani, sauti ya mtu inalindwaje humo.

Na ninyi wenye studio za Sinza na Kinondoni, mkituita kusoma "sentensi za majaribio" kutwa nzima, andikeni kwenye mkataba zinakwenda kwa nani na kwa kazi gani, na malipo yasiwe yale yale ya tangazo la nusu dakika.

Mwingiza sauti,
Tandika, Dar es Salaam