Mwanangu, pombe ni togwa iliyolala

Mwanangu,

Kamwene! Au nikwambie ugonile kwa huku kwetu, chagua mwenyewe. Habari za Iringa, mama hajambo? Nisalimie sana. Sisi huku Uyole, Mbeya, wazima ila baridi la mwezi huu acha tu, asubuhi watu tunatoka nje na blanketi mgongoni.

Ile siku umepiga nikakwambia niko jikoni nachuja pombe ukashangaa afu salio likakata, sasa nakuandikia vizuri maana hii kitu kwa simu haielezeki. Natengeneza bia nyumbani mwanangu. Sio gongo, hapo tuelewane, mtambo sitaki hata kuusikia, hii ni ya kuchachusha tu na wala siuzi, nafanya kwa sababu naipenda yaani nikirudi kazini naenda kuiangalia ndoo kwanza ndo nakula.

Nilianza mwezi wa 6. Nikaenda soko la Soweto nikachukua kimea cha ulezi, yaani ulezi ulioota ukakaushwa, kilo 2 kimeshasagwa, unga wa mahindi kilo 1, hamira ya maandazi na ndoo mpya yenye mfuniko. Nikapika uji, na vile nilikuwa naogopa vijidudu nikamwaga kimea palepale uji unatokota. Nikakoroga, nikasubiri, saa nzima, masaa mawili, uji mzito vilevile na hauna utamu wowote. Nikaweka hamira hivyohivyo, siku tatu hakuna kitu, kwa sababu hamira inakula sukari na sukari haikuwepo. Iliniuma sana, kilo 3 za nafaka zimeenda kwa kuku.

Kuna mama mmoja hapa jirani, mtu wa Rungwe, amepika kimpumu toka hajaolewa, ile ya kunywea mrija watu mmezunguka chungu na maji ya moto yanaongezwa. Nikamsimulia. Akaniambia, "mwanangu umekiua kimea." Akasema uji ukiutoa motoni uache upoe mpaka ukichovya kidole unavumilia kidogo tu unakichomoa, hapo ndo unaweka kimea, afu funika usiufunue funue. Nikafanya vile, ila mi nikaweka na kipimajoto nione, na kilisoma 67. Mwanangu! Maelezo mengi ya wazungu wanaotumia shayiri yanasema nyuzi 65 mpaka 70 hivi, na mama huyu hajawahi kushika kipimajoto. Unakumbuka vile vimeng'enya vya Biolojia, ndo hivyohivyo viko kwenye kimea, vinakata wanga inakuwa sukari, ukivipeleka kwenye uji unaochemka vinakufa vyote. Baada ya saa moja uji ukawa mwepesi kama maji na mtamu, nikaonja kijiko nikabaki nimesimama, maana ile ladha naijua toka mtoto. Togwa! Ni togwa kabisa ile anayotupaga mama yako tukija Krismasi. Yaani siku zote tumekunywa bia ambayo haijalala na hatujui.

Kuanzia pale ndo nikachukua njia ya bia. Nikachuja kwa kitambaa, machicha nikampa jirani ana nguruwe, yale maji nikayachemsha saa zima na mchaichai na ganda la limao maana hopsi, yale maua machungu wanayotia kwenye bia, huku hailimwi. Nilishtuka kidogo yanachemka na kipimajoto kinagoma kwenye 94, nikajua kimeharibika, kumbe hapa tuko juu karibu mita 1,800 na maji yanachemka kabla ya 100. Ndo maana maharage ya Mbeya yanachelewa kuiva!

Yakapoa, nikaweka hamira, kwenye mfuniko nikatoboa nikapitisha mpira wa dripu ncha yake ikaingia kwenye chupa ya maji, hewa itoke ila isiingie. Siku mbili kimya. Baridi hilo, hamira ilikuwa imelala. Nikaihamishia ndoo jikoni karibu na jiko la mkaa, nikaifunga blanketi langu mwenyewe mi nikalalia shuka mbili, na usiku nikasikia bluk, bluk, nikaamka nikakaa pale na tochi nikiangalia mapovu kama mtu anayeangalia mtoto mchanga.

Sasa hapa usikie vizuri kama utajaribu. Mara ya kwanza niliwahi kujaza kwenye chupa za kioo siku ya nne, mapovu hayajaisha, na chupa moja ikapasuka usiku kabatini, vioo mpaka kwenye ndala. Ningekuwa nimesimama pale ningeumia. Sa hivi nasubiri mapovu yakate kabisa, kama siku 8 au 10, afu natumia chupa za plastiki za soda nusu lita zilizooshwa na maji ya moto, kila chupa sukari gramu 3 sio zaidi, ikijaa gesi unaibonyeza unasikia imekuwa ngumu, unaiweka pa baridi.

Imetoka lita 8. Rangi kama chai ya rangi, povu linawahi kukata, uchachu upo kidogo ila harufu ya ulezi imebaki na ndo ninachokipenda, bia ya dukani haina hiyo. Mama wa Rungwe kaonja akasema ni nyepesi ila akaongeza kikombe.

Ninachotaka kwako ni kitu kimoja. Mvua zikianza huko na ulanzi, ile pombe ya mwanzi, ukaanza kugemwa, nitafutie ule uliochachuka wa siku mbili, lita moja tu, uniwekee kwenye basi au bora uje nao mwenyewe. Ulanzi hauwekwi hamira, unachachuka wenyewe, kwa hiyo masimbi ya chini yana hamira yake ya mwanzi, nataka nijaribu kuchachushia bia ya ulezi. Ila usiifunge chupa kwa nguvu, iache ipumue njiani.

Na muulize mama togwa yake kimea anakiweka uji ukiwa umepoa kiasi gani. Nimekuwekea chupa mbili, ziko chini ya kitanda upande wa ukutani.

Wako wa Uyole