Sanamu ya kushikwa isiishie ndani ya kioo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie sanamu ambazo mtazamaji anaruhusiwa, tena anatakiwa, kuzipanga upya kwa mikono yake.

Mwaka 1960 msanii wa Brazil, Lygia Clark, alianza kuonyesha sanamu alizoziita Bichos, neno la Kireno lenye maana ya viumbe au wadudu. Kila moja ni mabamba ya alumini, mengine ya pembetatu na mengine ya nusu duara, yaliyoungwa kwa bawaba, nayo haina mbele wala nyuma. Ukiinua bamba moja, la pili hufuata, la tatu hugoma, na umbo ulilokusudia hugeuka kuwa jingine, kwa kuwa bawaba hizo, ambazo Clark alizifananisha na uti wa mgongo, zina njia zake. Sanamu hupatikana katika kuvutana huko kwa mkono na bamba.

Ndiyo maana nasikitika kuona nyingi kati ya hizo leo zimetulia ndani ya vioo vya majumba ya sanaa. Siwalaumu wahifadhi, maana bawaba iliyolegea ni hasara kubwa. Lakini Bicho lisilokunjwa ni kama ngoma iliyotundikwa ukutani, ngozi unaiona, mlio huupati. Mwaka 2014 jumba la sanaa ya kisasa la MoMA, New York, liliweka nakala ambazo wageni walizikunja wenyewe, na zile za asili zikabaki salama.

Hilo linawezekana hapa Dar es Salaam. Mafundi wa mtaa wa Gerezani hukata na kukunja bati kila siku. Wakipewa michoro ya wachongaji wetu, kingo zikapigwa tupa zisikate vidole, kazi itatoka.

Mimi ni mwalimu wa sanaa. Katika ziara ya ukumbi mmoja wa maonyesho, mwanafunzi wangu mwenye uoni hafifu alisimuliwa na wenzake vinyago ambavyo hakuruhusiwa kuvigusa. Tuliporudi tulikata maboksi, tukayaunga kwa vipande vya kitambaa na gundi, tukapata Bicho letu. Mwanafunzi huyo alikaa nalo kipindi kizima, akalisimamisha kwa ncha tatu tu, mkao ambao darasa zima lilikuwa limeukosa.

Nawaomba wenye kumbi waweke walau meza moja ya sanamu za kushikwa, na mezani hapo kusiwe na kibao cha "Usiguse".

Mwalimu wa sanaa,
Dar es Salaam