Shukrani kwa aliyetufundisha altrasaundi baada ya zamu

Daktari, asante sana. Kutafuta maji au damu iliyovujia tumboni, wengi hutazama kati ya ini na figo ya kulia, wasipoona kitu wanaandika pakavu. Wewe ulisisitiza: probu (kile kifaa cha mkononi kinachopitishwa juu ya ngozi) iliyopinda, ya mawimbi ya megahezi 2 hadi 5, alama yake ielekee kichwani mwa mgonjwa, kisha ishushwe polepole mpaka ncha ya chini ya ini ionekane, maana damu kidogo mara nyingi huanza kuonekana hapo. Na geni, yaani kiwango cha mwangaza wa picha, ipunguzwe! Ikizidi, ule mstari mwembamba mweusi wa maji humezwa na weupe. Mbavu zikitia kivuli, zungusha probu kidogo ifuate mwanya kati ya mbavu. Jeli isibaniwe, hewa ikibaki kwenye ngozi, picha hakuna. Zaidi ya yote, asante kwa kutotunyang'anya probu tulipokwama.