Sanduku la bati la babu yako

Mwanangu mpenzi,

Bibi yako anakusalimu sana. Hajambo, ingawa bado hulia kila anapokunja kanzu za marehemu. Usiku ule wa hitima ulipopiga simu ukaniuliza babu yako alikuwa mtu wa namna gani kabla hujazaliwa, nilishindwa kukujibu kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa watu. Nakuandikia sasa, nikiwa nimekaa mbele ya sanduku lake la bati, lile la kijani ambalo mlikatazwa kulikalia.

Alizaliwa hapahapa Pangani, mtoto wa mvuvi, na alipomaliza chuo cha ualimu mwaka 1968 alipangiwa Ujiji, safari ya Reli ya Kati inayozidi kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Ndugu zake walidhani ameonewa. Mwaka uliofuata alitaka kumwoa bibi yako, na kwa kuwa wazazi wake walikuwa mbali, posa yake ilipelekwa na wazazi wa wanafunzi wake. Kila niikumbukapo posa hiyo naona kwamba hakuna cheti kilichomthamini kuliko hicho.

Mwaka 1976 ilikuja barua ya uhamisho wa Kasanga, kusini mwa Ziwa Tanganyika, nasi tukapanda meli ya Liemba pale Kigoma, mimi nikiwa na miaka sita na mjomba wako akiwa bado tumboni. Usiku sikulala kwa kelele za mitumbwi iliyokuja kuipokea meli katika vituo visivyo na gati, watu wakipandisha magunia ya dagaa na kuku. Babu yako alinifunika koti lake akanisimulia jinsi Wajerumani walivyoizamisha meli hiyohiyo kwa mikono yao mwaka 1916 ili isitekwe, baada ya kuzipaka injini zake grisi, na jinsi Waingereza walivyoiibua mwaka 1924 hata ikarudi kazini mwaka 1927. Nilisomeshwa na walimu wengi baadaye, lakini somo la historia lililoniingia moyoni ni lile la kwenye sitaha.

Kasanga ndiko nilikomwona akichoka. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1977, watoto walifurika hata darasa moja likahamia chini ya mwembe, na vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa chaki wafundishe huku wakijifunza ualimu. Walikuja kwetu kila usiku, wakakaa mkekani kuizunguka karabai, naye akawaongoza kuandaa masomo ya kesho yake hadi mafuta yaishe. Niliwaonea wivu sana, mwanangu. Siku moja nilimwambia bibi yako kwamba baba ni wa watu. Maneno hayo yalimfikia, na tangu hapo kila alasiri alinishika mkono tukaenda ufukweni kununua migebuka, sisi wawili tu, bila daftari. Hata tulipohamia Songea, kusiko na ziwa, hakuiacha desturi hiyo. Tulikwenda sokoni kununua karanga.

Mmoja wa vijana wale, ambaye sasa ni mwalimu mkuu mstaafu, alikuja kwa basi kutoka Sumbawanga akatukuta tumeshazika. Alichoomba ni kuonyeshwa ile karabai. Bibi yako alimpa aondoke nayo.

Ndani ya sanduku nimekuta atlasi yake ya shule. Kila mji aliofundisha ameuzungushia penseli na kuandika pembeni jina la mtoto wake aliyezaliwa huko: Ujiji mimi, Kasanga mjomba wako, Songea mama yako mdogo. Tabora ameizungushia mara mbili. Huko alizaliwa kitinda mimba wetu, na hukohuko tulimzika kabla hajatimiza mwaka. Sasa unajua kwa nini babu yako alipanda treni kila Desemba tangu alipostaafu, akisema anakwenda kununua asali. Asali alileta kweli, lakini kwanza alikwenda kaburini kumsomea mwanawe Fatiha na kung'oa majani.

Mwaka huu bibi yako anataka kwenda mwenyewe, na magoti yake hayamwezi. Ukifunga chuo mapema, njoo Dar es Salaam tuondoke pamoja, nawe uje na jembe dogo, kwani letu limevunjika mpini.

Mama yako